Sauti Iliyoazimwa kwa Marehemu

Sogeeni, watu wa Mbuba, na ninyi wa Bukiriro tegeni masikio. Ninayoyasimulia hayakutokea ng'ambo ya bahari. Yametokea katika kaya inayopika maharage kama yenu na kusali kanisa mnalosali ninyi.

Jumapili moja, baada ya misa, Joyceline alikaa kwenye mkeka nyumbani kwa kaka yake Philbert akisaidia kuchambua maharage. Masika yalikuwa yamepumua kidogo. Jua lilitoka, na majani ya migomba yakang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Pembeni, Bibi Secilia, mama mkwe wa Philbert, alikuwa akipepeta huku akiwateta wanakwaya.

"Yule wa sauti ya pili anaimba kama mbuzi aliyenasa kwenye waya."

"Bibi jamani! Na leo umekomunika!"

"Nimekomunika, sikuziba masikio."

Walicheka hadi maharage yakamwagika. Dirishani alikaa Recho, binti wa Philbert, mwenye umri wa miaka sita, akichezea simu ya mama yake. Mama huyo, Diana, aliugua muda mfupi akafariki masika ya mwaka uliopita, na tangu siku hiyo Bibi Secilia alihamia pale kumlea mjukuu wake. Simu ya marehemu hawakuigawa. Philbert aliichaji kila siku kwa umeme wa jua. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba picha za mkewe zimo humo, kisha akabadilisha mazungumzo.

Diana alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Wako akina mama waliomjua kwa sauti kuliko kwa sura, maana siku za kliniki zilipokaribia yeye ndiye aliyerekodi ujumbe wa kuwakumbusha, kwa Kihangaza kitamu, lugha ya kwetu, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Nipo hapa, nawasubiri." Mama aliyesikia hivyo aliona aibu kubaki nyumbani.

Utulivu wa Jumapili ile, ndugu zangu, haukumaliza wiki.

Joyceline alikuwa na stashahada ya kompyuta na kazi Biharamulo, katika ofisi ndogo inayotengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya zahanati. Mkuu wake alikuwa ametoka kwenye mkutano ambako kila mtu aliimba wimbo mmoja: akili mnemba sasa inazungumza, inapiga simu, inaita watu kwa majina. Naye akaona asiachwe nyuma. Akamwagiza Joyceline aijaribu teknolojia hiyo na kupima kama inawafaa akina mama wa kliniki. Wageni wenye fedha walikuwa wanakuja Ijumaa kujionea.

Kasoro ilikuwa moja. Mashine ilijua Kiswahili, lakini Kihangaza haikujua hata salamu. Joyceline akazikumbuka rekodi za wifi yake. Akazichukua zote kwenye mfumo wa zahanati akailisha mashine, nayo ikajifunza. Kufikia Alhamisi iliweza kusema neno lolote kwa sauti ya Diana, na kabla ya kumalizia ilivuta pumzi kidogo, vilevile alivyokuwa akivuta yeye.

Mwenzake wa meza ya pili, Gidioni, aliacha kazi yake akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Hao watu uliowaweka humo ni wa kubuni?"

"Wa kubuni hawana ladha. Wageni waone Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, si watasema tunacheza? Nimenakili orodha ya zahanati yetu kule nyumbani. Tena ya zamani, usiogope."

"Nakala ya watu bado ni watu, Joyce. Namba zao zinaita. Badilisha majina, badilisha namba, ni kazi ya jioni moja."

"Hiyo jioni moja ndiyo sina."

"Na hiyo sauti? Umemwomba nani?"

"Mwenyewe ni marehemu, tena wifi yangu. Nimwombe nani?"

"Mume wake yupo. Mama yake yupo."

"Gidi, wewe ulisomea kompyuta au ukatekista?"

Wakacheka. Msomaji wangu, shika hapo. Mara nyingi onyo la kweli huja likiwa limevaa nguo za utani, nasi hulicheka na kulipita.

Asubuhi hiyo Joyceline alikuwa ameifungua njia ya simu ya mashine ya majaribio ili impigie yeye mwenyewe. Simu yake iliita. Alipopokea, sauti ilimwita jina lake taratibu, kisha ikasema, "Nipo hapa, nawasubiri." Alicheka kwa furaha, halafu kicheko kikamganda. Sauti ile ndiyo iliyomtania siku alipoondoka kwenda chuo. Sauti ile aliisindikiza kaburini.

Alitaka kuifunga njia ya simu. Kabla hajafanya hivyo, mkuu akamwita kuhusu viti vya wageni. Aliporudi, mawazo yalikuwa kwenye viti, na njia ya simu ikabaki wazi. Akabonyeza orodha nzima ianze kusomwa, aone kama mashine itaelemewa. Majina yakaanza kupita kwenye skrini, moja baada ya jingine, yakigeuka kijani. Aliamini yanapita pale kwenye skrini tu. Akatoka kwenda kununua chapati.

Foleni ilikuwa ndefu, na alikuwa bado anasubiri chapati yake igeuzwe, Philbert alipopiga simu. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Joyce," alisema. "Diana amepiga simu."

Chapati ikaungua mbele yake. Nyuma ya sauti ya kaka yake Joyceline alisikia watu wengi wakizungumza kwa pamoja, na Bibi Secilia akilia.

Mbuba yote ilikuwa imesimama. Simu zilikuwa zimeita mashambani, kilabuni, kisimani, na katika kila simu alikuwa Diana. Mzee Protasi alitupa jembe akapiga ishara ya msalaba. Mama mmoja, aliyemzika kichanga chake mwanzoni mwa mwaka, aliambiwa amlete mtoto apate chanjo. Alikaa chini palepale kwenye tuta na hakuna aliyeweza kumwinua. Wengine walifululiza hadi nyumbani kwa Philbert, wakazunguka kaburi lililo kati ya migomba, wakitazama kama udongo umetikisika.

"Hamkumsindikiza vizuri," mtu mmoja alisema.

"Marehemu haiti bure," akajibu mwingine. "Ana neno na nyumba hii."

Philbert aliyasikia hayo yote. Alipokimbilia ndani kuitazama ile simu ya dirishani, aliikuta. Recho hakuwepo. Kadi yake ya zamani ya kliniki, iliyokuwa ikitunzwa sandukuni, nayo haikuwepo.

"Tumemtafuta kaburini, tumemtafuta migombani," alimwambia dada yake. "Watu wanasema mama yake amekuja kumchukua. Joyce, mimi sijui niamini nini."

Hapo ndipo Joyceline alipouona ukweli wote kwa mara moja, kama mtu aliyemulikwa na radi. Katika nakala ile ya zamani Diana alikuwa hai. Tena alikuwa mzazi kama wengine, ameandikwa Mama Recho, na Recho bado ni mtoto wa kliniki. Hakuhitaji kuuliza mtoto alisikia nini. Aliyasikia mwenyewe kichwani: Mama Recho, leo Recho anasubiriwa kliniki. Msichelewe. Nipo hapa, nawasubiri.

Kijiji kizima kilikuwa kinatafuta kaburini, na mtoto alikuwa njiani kwenda zahanati. Alikuwa ameshika njia ya mkato ya bondeni aliyozoea kupitishwa na mama yake, yenye daraja la magogo, na masika yale bonde lilikuwa limejaa maji. Mtu pekee duniani aliyejua hivyo alikuwa amesimama Biharamulo mbele ya kikaango. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, na lawama tayari ilikuwa juu ya marehemu, ambaye hawezi kujitetea.

"Kaka, si Diana," alisema. "Ni mimi. Ni mashine yangu, niliifundisha sauti yake. Imemwita Recho kliniki. Mtafuteni njia ya bondeni! Kimbieni!"



"Wewe?" Philbert aliuliza. Simu ikakatika.

Joyceline alirudi ofisini mbio akang'oa waya ukutani. Majina machache ya mwisho yalikuwa bado hayajageuka kijani.

Alipofika Mbuba jua lilikuwa linashuka. Mtoto alikuwa amepatikana. Laurian, anayefyatua tofali bondeni, alisikia watu wakikimbia huku wakimwita Recho. Alipoinua kichwa akaona kitambaa kimeng'ang'ania mizizi chini ya daraja. Kilikuwa gauni la Recho. Alimtoa akiwa bado anapumua. Wangechelewa kidogo tu, ningekuwa nawasimulia msiba.

Ndani, Bibi Secilia alikuwa akimsugua Recho miguu kwa mafuta.

"Shikamoo, Bibi," Joyceline alisema, akapiga goti.

Bibi hakuitikia. Ninyi wa kwetu mnajua uzito wa shikamoo iliyoachwa hewani.

Recho ndiye aliyezungumza, meno yakigongana. "Shangazi, nimechelewa. Daraja lilikuwa na maji. Na kadi imechukuliwa na maji. Mama ameshaondoka?"

"Recho, yule hakuwa mama. Ilikuwa mashine. Mimi ndiye niliyeifundisha kusema kama yeye."

Mtoto alimtazama bila hasira, kama mtu anayemsamehe mwongo.

"Lakini amesema yupo."

Joyceline alitoka nje akamkuta Philbert kando ya kaburi, akilisawazisha kwa viganja udongo uliokanyagwa na watu.

"Nitafuta kila kitu, kaka. Sitabakiza hata neno."

"Hapana. Yale aliyoyasema kwa kinywa chake niletee, ni yetu. Hayo mengine ndiyo ufute." Hakuinua macho. "Mke wangu asiseme tena neno ambalo hakulisema."

Wageni walikuja Ijumaa wakaondoka bila kuonyeshwa kitu. Joyceline na Gidioni walipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mzee Protasi aliwakaribisha ndani. Yule mama wa kichanga aliwafungia mlango, na haki ilikuwa yake. Philbert ameacha kuichaji ile simu. Siku moja ilizimika yenyewe. Lakini Bibi Secilia husema kwamba kila siku ya kliniki, akina mama wanapopita barabarani na watoto mgongoni, Recho huvaa viatu, hukaa dirishani, na kuiweka simu ile iliyokufa sikioni. Anasikiliza.

FUNZO

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Teknolojia mpya zitakuja, tena nyingine kabla hatujaizoea ya kwanza, nasi hatuwezi kuzifungia mlango. Lakini anayepima kitu kipya asiulize tu kama kinashangaza wageni. Aulize kwanza kitamgusa nani kikikosea.

Ninyi vijana wenzangu mnaotengeneza mifumo, jaribuni kwa watu wa kubuni na namba zisizoita kwa mtu yeyote. Ikiwalazimu kutumia taarifa za kweli, ombeni ruhusa kwa wenyewe, ficheni majina, fungeni kila njia ya kutokea, na mkimaliza futeni. Mashine ya majaribio isiwe na mlango wa kuingilia nyumbani kwa watu. Jina la mtu kwenye orodha ni mtu. Ana simu dirishani, ana mtoto, ana kaburi analolipalilia.

Nanyi wazazi mnaoandikisha majina na sauti zenu, ulizeni vinakwenda wapi na nani atavitunza. Kuuliza si ujinga.

Na aliyekosea aseme mapema, kabla maji hayajafika shingoni mwa mwenziwe. Joyceline alifanya mabaya mengi siku ile na jema moja: alisema "ni mimi" wakati bado neno hilo linaweza kuokoa mtu. Ndiyo maana leo Recho yupo. Yupo, anasubiri, na hakuna anayeweza kumwambia aache.