Meza Iliyoachana Mbao

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni seremala. Watu husema nyumba yetu haikosi kitu. Hawajui meza aliyoniundia ya kukatia nguo.

Ilikuwa ya mbao tano zilizoungwa ubavu kwa ubavu. Haikumaliza miezi miwili, mbao zikaanza kuachana. Moja ikapanda, nyingine ikashuka. Nikamwambia mume wangu.

"Ni mvuke wa pasi yako," akanijibu.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea hariri ya nguo ya harusi ya binti yake. Nilipoivuta mezani, ilinasa kwenye ukingo wa ubao ikachanika. Yule mama akaikunja hariri yake. "Nilidhani nimepata fundi," akasema, akaenda zake. Nililia kwa hasira. Mume wangu akaitazama meza, akanitazama mimi, akarudia habari ya pasi.

Hapo nikampigia simu wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha samani. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nywele, akaingia chini ya meza na tochi. Akagonga ubao mmoja kwa ngumi, ukaachia.

Ubavuni mwake mlikuwa na matundu membamba. Ndani ya matundu mlikuwa mmechomekwa vipande bapa vya mbao, virefu kidogo kuliko kidole gumba. Mafundi huviita biskuti.

"Kaka, biskuti naziona. Gundi iko wapi?"

"Nilipaka kwenye matundu."

"Na ubavuni?"

"Ya nini? Biskuti ndizo zinazoshika."

"Nani kakudanganya? Biskuti zinasaidia mbao zikae sawa. Kinachoshika ni gundi, ubavu mzima."

"Na hata hizo mbao hazikukaa sawa," nikadakia.

"Zitakaaje, wifi? Matundu mengine kapimia juu ya ubao, mengine chini. Na mbao zenyewe hazilingani unene. Inatakiwa uchague uso wa juu, uutie alama, na mashine ya kukatia matundu ilale juu ya uso huo kwa kila ubao."

"Naona mnanisimanga," akasema mume wangu. Kweli tulikuwa tunamsimanga.

Kesho yake asubuhi walibandua mbao zote na kukata kingo za zamani. Meza ikapungua upana kidogo. Mume wangu alipiga randa mpaka mbao mbili zikikutana, mwanga haupiti katikati. Akachora mistari ya penseli kuvuka maungio, ili matundu ya pande zote mbili yakutane. Safari hii alipaka gundi kwenye matundu na ubavu mzima. Akachomeka biskuti, akabana mbao kwa vibanio vya chuma, akakaza kwa nguvu zake zote.

"Legeza kidogo, usiikamue gundi yote," wifi akamwambia. "Ikitoka matone madogo mstari mzima, inatosha."

Baada ya saa mbili alishika randa tena. Wifi akamnyang'anya. "Biskuti zimekunywa maji ya gundi, zimevimba na kuinua mbao. Ukilainisha sasa, zikikauka utaona mabonde juu ya meza. Subiri kesho."

Akasubiri. Siku iliyofuata nilipitisha kiganja juu ya meza nzima. Hakikukwama popote.

"Haya, umeridhika?" mume wangu akauliza.

"Sijaridhika. Yule mama bado anaamini mimi ndiye mzembe. Ulinisingizia, ukaniacha nibebe aibu yako."

Akanawa mikono, akabadili shati, tukaenda kwa yule mama.

"Hariri yako niliichana mimi," akamwambia mlangoni. "Meza niliiunga vibaya, halafu nikamtupia lawama mke wangu."

Yule mama alimtazama. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa aibu," akasema mume wangu, nami sikumsaidia. Mama akaingia ndani, akarudi na hariri na binti yake. Nikatoa futi yangu, nikaanza kumpima bibi harusi.