Moyo wa Mke wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na duka dogo karibu na nyumbani. Mkewe alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Kiwanda alikofanyia kazi kilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka nyumbani. Walikuwa na binti mmoja, wa miaka saba.

Kwa miezi kadhaa kinyozi aliona mambo yasiyomwingia akilini. Mkewe alikuwa akirudi kutoka kazini amechelewa saa nzima. Hakutaka maongezi. Kitandani aliegemea mito mitatu, uso ameupa ukuta. Akiulizwa, jibu ni moja: "Nimechoka tu, baba watoto."

Siku moja mteja aliyekuwa akinyolewa alisema, "Jana nimemwona shemeji pale duka la dawa. Amekaa kwenye benchi, muuza dawa anampepea."

Mashine ya kunyolea ikasimama hewani. "Anampepea?"

"Kwa kipande cha boksi."

Kinyozi alijichekesha, akaendelea kunyoa.

Kesho yake alifunga duka mapema, akajibanza karibu na kiwanda. Mkewe alitoka. Alitembea kidogo, akasimama, akashika ukuta. Akaenda tena, akasimama tena. Bibi mwenye mkongojo alimpita. Alipofika duka la dawa akajitupa kwenye benchi, mdomo wazi, mkono kifuani.

Muuza dawa, mzee wa makamo, alitoka nje. "Mama, nimekuambia mara ngapi? Hii dawa ya pumu haikusaidii. Mwambie mumeo mwende hospitali."

"Ataniona mvivu," mkewe alijibu kwa shida. "Hata sasa ananitazama kwa jicho la pembeni."

Kinyozi alitoka alikojificha. Akamshika mkewe mkono, wakaenda nyumbani polepole.

Jirani yao alikuwa nesi. Alipoitwa, alibonyeza kwa kidole mguu wa mgonjwa uliovimba. Shimo likabaki.

"Ukilala chali unapumua vizuri, dada?"

"Nahisi kama nazama."

"Na moyo?"

"Unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa."

Nesi akamgeukia kinyozi. "Shemeji, huu si uchovu. Anahitaji kipimo cha moyo kinachoitwa eko."

"Njiani ameniambia alishapigwa picha ya kifua. Wakasema pumu," kinyozi alisema. "Leo kipimo kingine. Si mnatuzungusha tu?"

"Picha ile inaonyesha umbo tu. Eko inaonyesha moyo ukiwa kazini. Nenda ukaone mwenyewe."

Kinyozi alimpeleka mkewe hospitali, na kweli akaomba kuingia chumba cha kipimo. Mtaalamu wa kipimo, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto. Alimpaka jeli kifuani, akapitisha kifaa kidogo juu yake.

"Hiyo miale haitamdhuru?" kinyozi aliuliza.

"Hakuna miale. Ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yanagonga moyo, yanarudi, mashine inayageuza kuwa picha. Wajawazito nao hupimwa kwa sauti kama hii."

"Unaumia?" kinyozi akamuuliza mkewe.

"Hapana. Jeli tu ni ya baridi."

Kinyozi akamgeukia mtaalamu. "Mbona kioo cha mashine umekielekeza kwako? Unaficha nini?"

Mtaalamu akakigeuza. Kinyozi akauona moyo wa mkewe ukipiga.

"Moyo una vyumba vinne," mtaalamu alisema. "Kati yake kuna milango, tunaiita valvu. Huu hapa unafunguka wote. Sasa tazama huu wa kushoto."

Kinyozi alitazama. Mlango ule ulifunguka kidogo tu, kama uliokwama.

"Umekuwa mgumu. Damu inayotoka mapafuni haipiti vizuri, inarundikana huko huko mapafuni. Ndiyo maana hapati pumzi. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa koo wa utotoni usiotibiwa vizuri."

"Nikiwa mdogo niliugua koo, viungo vikavimba," mkewe alisema. "Tulidhani yamekwisha."

Walipokuwa wakisubiri daktari, kinyozi aliinamisha kichwa. "Mama watoto, siku ile nilikufuata. Nilikuwa na mawazo mabaya."

"Nilijua. Kinyozi gani anafunga duka wateja wakiwa kwenye foleni? Iliniuma. Siku nyingine niulize mimi."

Daktari alimpa dawa za kupunguza maji mwilini. Baadaye mlango ule ulipanuliwa kwa puto dogo, lililopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Hakupasuliwa kifua. Sasa anachomwa sindano kila mwezi ili ugonjwa wa koo usirudi, na anarudia eko kila anapoitwa. Kiwandani anafika kwa robo saa bila kusimama.

Juzi binti yao aliingia dukani akitoka shule. "Baba, koo linauma, na mwili una moto."

Kinyozi alizima mashine, akamshika binti mkono. Wakaenda kliniki moja kwa moja. Mteja alibaki kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.