Mguu Juu ya Mguu

Pedali ya teksi ile ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai, na hilo peke yake halikumtisha fundi. Breki laini ni hewa, na hewa hutolewa. Kilichomkera ni kwamba alishaitoa mara mbili. Mafuta ya breki yamejaa, mipira yake mizima, hakuna tone kwenye gurudumu lolote, na bado ukikanyaga, pedali inazama. Ukipampu inapanda na kuwa ngumu. Ukingoja kidogo, inazama tena.

"Gari lako lina nini, bwana?"

"Fundi ni wewe," dereva alijibu akitazama pembeni. Tangu alete gari hakutaka hata kuliegemea.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili: mmoja akanyage ndani, mwingine alale chini afungue kiskrubu cha gurudumuni. Dereva akasingizia goti. Fundi akamwita mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa akianika nguo uani, maana nyumba na gereji vilichangia ukuta mmoja.

"Haya, msaidizi wako asiye na likizo nimekuja," Mama Pacha alitania, akavua kandambili, akapanda.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Fundi akafungua. Mapovu yakamiminika kwenye chupa aliyoikinga hapo, mengi mno, yakinuka kama chumba kilichofungwa miaka. Akafunga haraka.

"Achia!"

Akagonga sakafu ya gari kwa spana.

"Achia, mama!"

"Siwezi." Sauti ilikuwa ndogo. "Baba Pacha, kuna mguu juu ya mguu wangu."

Fundi akajiburuta kutoka chini ya gari, akafungua mlango, akaona mguu mmoja tu, wa mkewe, vidole vimepauka kwa kugandamizwa, pedali imelala sakafuni, na huku nyuma yake, ndani ya chupa ambayo haikuwa na sababu tena ya kutoa kitu, povu moja likapasuka kwa pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo, kisha pedali ikapanda yenyewe.

Dereva aliijaribu. Ilikuwa ngumu, safi kabisa. Hakufurahi.

"Aliyekanyaga ni mkeo?"

"Si umemwona?"

"Pole, fundi," alisema, akaondoka. Fundi alidhani anapewa pole ya kazi.

Jioni Mama Pacha alilalamika kwamba mguu wake ni wa baridi. Fundi akaukanda. Kidole gumba chake kikazama kisiginoni, kikaenda mpaka mahali pa mfupa, na mfupa haukuwapo. Akabonyeza tena na tena, nyama ikawa ngumu. Akangoja. Ikazama. Jamani, mikono yake ilijua kabla yake, na mtu mzima yule alilia kama mtoto.

Kesho yake akaletwa mganga. Aliweka kiganja kwenye paji la mgonjwa, akakiondoa upesi.

"Huyu aliyemo alikuwa na makazi yake," alinong'ona. "Mmemtoa, naye amehamia hapa. Huyu mimi simwezi."

"Basi nitamrudisha! Nitalisaka lile gari popote lilipo!"

"Usinirudishe," kinywa cha mkewe kilisema, kwa adabu kabisa. "Kule nilikuwa nakanyagwa kutwa. Hapa naitwa mama."

Mganga akaokota mkoba wake, akatoka bila kuaga.

"Mke wangu yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Yumo. Nimemkanyaga."

Fundi akapiga magoti, akabembeleza, akajitoa yeye mwenyewe achukuliwe badala yake, na kile kitu kikamsikiliza kwa macho ya mkewe bila kupepesa, mpaka mlango wa uani ukagongwa na vicheko viwili vikaingia, mikoba ya shule ikiburutwa sakafuni. Alijaribu kuinuka awazuie mlangoni, lakini walikuwa wameshampita.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba, wanangu," ilijibu sauti ileile ya Mama Pacha, tamu, ya kila siku. Kile kitu kikafungua mikono, na pacha wakakimbilia humo.