Mkono Usiojua Kuachia

Sogeeni, jamani, na mwenye maharage jikoni akayaepue kwanza, maana hili nikilianza silikatishi.

Asubuhi moja hapa kwetu Nyakitonto, Mpawenimana alikuwa uani akipepeta maharage, jua limetulia, kuku wanamzunguka. Mwanawe Pasikali alikuwa anakunywa uji huku akicheka peke yake. Mama alishangaa. Pasikali, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, hakuwa mtu wa kucheka.

"Unacheka nini?"

"Jana nimesimama, Mama. Juu ya maji! Muulize Saady."

Saady alikuwa kijana wa muuza duka wa Kasulu mjini. Alikaa kwa mjomba wake pwani, akarudi na tiara kubwa ya kitambaa na ubao wa kuvaa miguuni. Upepo unaivuta tiara, tiara inamvuta mtu aliyeshika fimbo ya kamba zake, mtu anateleza juu ya maji. Mvua za mwaka huu zilipofurisha bonde la mpunga mpaka kwenye mikaratusi, Saady akaona amepata bahari yake. Watu wakamcheka. Pasikali yeye aliomba kufundishwa.

Mwanzoni alikuwa kichekesho. Alimeza maji ya tope, akapoteza ubao, akarudi nyumbani magoti yamechubuka. Taratibu akaweza kuiongoza tiara bila kuitazama. Halafu akasimama. Halafu akaanza kukata kona, na watu wakaacha majembe kumtazama.

Somo moja tu lilimshinda, nalo ndilo lilikuwa la kwanza.

"Upepo ukizidi, achia fimbo," Saady alimwambia kila mara. "Ukiiachia, tiara inalala yenyewe. Ukiing'ang'ania, inakubeba. Wallahi, Pasi, kuachia si woga!"

"Nitaachia," Pasikali alijibu. Lakini upepo ukizidi, vidole vilikaza.

Sasa niwaambie vidole vile vilijifunzia wapi. Mwaka wa vita ya kwao ng'ambo, Mpawenimana aliuvuka mto Malagarasi akikimbilia huku na watoto wawili, kila mmoja mkononi. Katikati ya maji Divine, dada mtu, akamponyoka. Hakuonekana tena. Mama alifika Munanila na Pasikali peke yake, na njia nzima alimwambia kwa lugha ya kwao, "Nturekure, mwana wanje." Usiachie, mwanangu. Ikawa sheria ya nyumba. Baadaye ndama alimburuta Pasikali kwenye miiba mpaka damu, naye hakuachia kamba. Mama akamchinjia kuku, majirani wakapiga makofi. Eti huyo ndiye mwanamume!

Saady alipoona mambo hayaendi, alimfuata mama nyumbani.

"Shikamoo, mama. Naomba umwambie Pasikali akubali kuachia. Wewe anakusikia."

"Marahaba. Niombe lingine, mwanangu. Neno hilo siwezi kumwambia mtoto niliyebaki naye."

Saady aliaga, akaondoka kichwa chini.

Jumapili baada ya misa Mpawenimana alikwenda bondeni kumtazama kwa mara ya kwanza. Pasikali alikuwa anateleza kama mtu aliyezaliwa na kazi hiyo, anacheka kwa sauti. "Huyu ni wangu?" mama akawauliza waliokuwa karibu, na machozi ya furaha yakamtoka.

Kisha upepo ukageuka ghafla kutoka mlimani. Tiara ikavimba, ikaanza kumvuta moja kwa moja kuelekea mikaratusi.

"Achia! Pasi, achia!" Saady alipiga kelele akikimbia majini.

Pasikali aligeuza shingo. Mkono mmoja ukaanza kulegea, kila mtu aliuona. Hapo hofu ikampanda Mpawenimana, akalia kwa sauti ileile ya mtoni:

"Nturekure! Nturekure, mwana wanje!"

Mkono ukakaza tena.

Walimkuta chini ya mkaratusi wa kwanza, ameshakata roho, fimbo ingali mikononi. Saady ndiye aliyemfungua vidole, kimoja kimoja, huku analia.

Siku ya mazishi mama alilikumbatia jeneza, wanaume wakashindwa kumtoa. Saady akapiga magoti kando yake.

"Achia, mama."

"Nimemuua kwa mdomo wangu, Saady."

Mpaka leo mama anakaa pale uani, ungo umelala. Ukimpa mkono wa salamu anaushika, na itakubidi wewe utafute namna ya kuutoa.

FUNZO

Wazazi wenzangu, tuliokimbia vita hatuwezi kuambiwa tusahau mto. Lakini tusiwalee watoto kana kwamba bado tumo ndani ya maji. Mfundishe mtoto kushika, na umfundishe pia kuachia: kamba, ugomvi, hata mkono wako mwenyewe. Usimsifu mtoto kwa kuburutwa. Na mwalimu wake akija kukuomba umwambie mwanao neno moja, mwambie ungali naye, hata kama neno lenyewe linakuchoma koo.