Dawa ya Mama, Mapigo ya Boram

Kila asubuhi, nyumbani kwao mjini Jecheon, Boram alikuta mezani wali, supu ya mwani na kabichi ya pilipili. Mama yake hakugusa chakula mpaka mchana. Alipasha moto pakiti ya dawa ya mitishamba, akainywa huku amekunja uso, akaenda kazini. Tangu Daktari Pyo wa tiba asilia ampangie saa za kula, sketi zilianza kumpwaya.

Boram alijiuliza kama yeye pia angepungua. Mashindano ya tekwondo yalikaribia, naye alizidi kidogo uzito wa kundi lake. Akawa anarudisha wali sufuriani mama akigeuka, na kuchomoa pakiti ya dawa kwenye friji, akainywa.

Wiki haikuisha. Mazoezini moyo ulimwenda mbio, akaketi mkekani. Mama alipopigiwa simu na kocha, alimkimbiza hospitali. Moyo ulipimwa, akapumzishwa hadi ukatulia. Lakini Boram hakusema alichokunywa.

Kesho yake mama akampeleka kwa Daktari Pyo kutafuta chanzo. Mzee aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake, akafumba macho. Akamtazama ulimi, akambonyeza tumbo.

"Tumbo baridi, mapigo bado yana haraka. Umekunywa nini, binti?"

Boram aliviogopa vile vidole. "Dawa ya mama. Na asubuhi sili."

"Wee Boram!" mama alifoka. "Kumbe! Nami nikiona pakiti zinapungua, nilidhani nasahau na kunywa mbilimbili!"

"Samahani, mama. Lakini daktari, vidole vinajuaje?"

Mzee akacheka, akaviweka vidole vya Boram kwenye mkono wa mama, kisha kwenye mkono wa Boram mwenyewe.

"Mapigo ya mama yanatembea," Boram alishangaa. "Yangu yanakimbilia basi!"

"Dawa ile niliipima kwa mwili wa mama yako. Ni mtu mzima, alikuwa akila sana usiku. Wewe unarefuka. Ukijinyima, mwili utajengwa na nini?"

Boram alipopona, kocha alimpandisha kundi la uzito wa juu. Siku ya mashindano alikula uji wa mchele, akashinda pambano la kwanza, la pili akashindwa. Alipotoka aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mama.

"Mama, leo mapigo yako ndiyo yanakimbia!"

"Yalianza siku ile nilipopigiwa simu," mama alisema, akamkumbatia. "Kutaka kujua si kosa, mwanangu. Ila uliza kwanza, usijaribie mwilini mwako kwa siri."