Mstari Mmoja Niliobadilisha Ukaninyima Sauti ya Dada Yangu

Nina miaka arobaini na tatu, naishi peke yangu Alunguli. Kazi yangu ni kutunza mashine za Linux, yaani kompyuta za mtandao, katika ofisi moja ng'ambo ya mto, mjini Kindu. Naandika haya kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia...

Vita vilipofika kwetu Lokandu nilikuwa na miaka kumi na sita. Wazazi walikwisha kufa, aliyenilea ni dada yangu Zaina. Siku ya kukimbia tulipotezana porini. Nilimtafuta miaka na miaka! Mwishowe majirani wakanizoea kama mtu asiye na ndugu.

Mwaka jana muuguzi wa kambi moja ya wakimbizi, Tanzania, aliniandikia barua pepe kwenye mashine ya ofisi. Zaina yu hai! Lakini anaumwa sana. Tukapatana: Jumamosi, saa nne asubuhi, tutaonana kwa video.

Ijumaa mwenzangu wa kazi, Papa Ramazani, alinionya kabla ya kusafiri kwenda Tunda.

"Ndugu yangu, mutandao unatembea muzuri, usiuguse. Ao ukiugusa, fanya kwanza kopi ya faili, kisha tumia ile amri ya kujaribu. Ukikosea, mashine inarudia yenyewe namna ilikuwa."

Nilicheka. Miaka kumi kazini, mimi wa kufundishwa?

Jumamosi asubuhi, nikiwa nyumbani, niliingia kupitia antena yetu kwenye seva ya ofisi, ile mashine kuu inayonipa mtandao hadi nyumbani. Nilitaka uso wa dada usikatikekatike. Nikafungua faili ya mipangilio ya mtandao, nikabadilisha anwani. Kopi sikufanya. Kujaribu sikujaribu. Nikatumia moja kwa moja!

Kioo kikaganda... Nilikosea tarakimu moja tu, nikajifungia nje ya seva, mtandao wote ukakatika!

Namba ya muuguzi sikuwa nayo, barua zake zote zilikuwa kwenye mashine ya ofisi. Ufunguo wa ofisi nilikuwa nao mimi tu, hakuna mwingine wa kuingia. Nikakimbia mtoni nivuke nikairekebishe palepale, mvua ikaanza kupiga kwa nguvu, na wenye mitumbwi wakakataa kuvuka.

"Mayi iko mubaya, papa. Ungoje."

Nilisimama chini ya bati, peke yangu. Saa nne ikapita... saa tano ikapita...

Nilifika saa sita na nusu. Kurekebisha kulichukua dakika tano. Dakika tano!

Video ilipofunguka, muuguzi aliniambia Zaina aliomba asukwe nywele. Aliketishwa kitandani, akangoja mpaka akachoka. Aliuliza mara moja tu: "Njo kusema hanitaki tena?" Kisha akalala.

Muuguzi akanigeuzia kamera, nikamwona amefumba macho. Niliita kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "Yaya! Yaya Zaina!" Hakuitika. Jumatatu akafariki bila kuamka tena.

Nimlaumu nani? Mvua? Mashine? Mashine ilifanya nilichoiambia! Aliyekosa ni mimi, na kiburi changu. Dada yangu alikufa akidhani nimemkataa, na sina namna ya kumwambia sivyo.

Ndugu zangu, nawasihi, kitu kinachofanya kazi msikiguse siku ambayo mtu anawangoja. Na mkilazimika, wekeni kopi, jaribuni kwanza. Mkionywa, sikieni! Aibu ya kuonekana hujui huisha siku ile ile. Hii yangu haijaisha.