Fundi Viatu wa Ngazi za Mahakama

Saa mbili na nusu asubuhi ngazi za mahakama zilifurika watu. Wakili alikuwa akizipanda mbio soli ya kiatu chake ilipobanduka. Siku ya kesi yake ya kwanza, jamani!

"Vua," sauti ilimwambia.

Kando ya ngazi, juu ya kigoda, alikaa binti mwenye aproni ya ngozi na kitambaa chekundu kichwani. Pembeni yake baba yake, macho yamepungua nuru, alikuwa akipaka uzi nta.

"Dada, nina dakika kumi tu."

"Mimi nataka saba. Ukiendelea kuongea, nane."

Wakili akasimama kwa mguu mmoja, suti na tai, watu wakipita. Kesho yake alirudi na kiatu kizima.

"Hiki hakina ubovu," Fundi alisema, akikigeuzageuza.

"Mwenye kiatu ndiye mbovu. Usingizi hauji."

"Hapo gundi haisaidii, kaka." Lakini alicheka.

Wakapendana. Simu kila mchana, "umekula, mpenzi?" zisizoisha. Mwezi wa tano Wakili akampeleka kwao. Fundi alivaa gauni la kijani alilolipiga pasi mara mbili.

"Mwanangu anasema una duka la viatu," mama mtu alisema, akimimina chai. "Una wafanyakazi wangapi, binti?"

Fundi akamtazama Wakili. Wakili alikuwa akikoroga kikombe kitupu.

"Sina duka, mama. Nashona viatu kwenye ngazi za mahakama, mimi na baba. Asante kwa chai."

Akaondoka kichwa juu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu bwana alimficha fundi kana kwamba fundi ni maradhi.

Usiku huo Fundi hakupokea simu. Siku ya tatu akapokea.

"Mpenzi, nilitaka kukulinda tu."

"Unilinde na nini? Na kazi iliyomsomesha mdogo wangu hadi chuo? Umenionea haya. Anayeionea haya kazi ya mkono wangu, asiuombe mkono wenyewe."

Akakata. Alilia, ndiyo, alimpenda mno. Lakini asubuhi alifungua kazi saa ileile.

Wiki mbili baadaye, mchana, Wakili alitoka mahakamani na mkuu wa ofisi yake pamoja na mawakili wenzake. Akasimama mbele ya kigoda.

"Mkuu, huyu ndiye ninayempenda. Ni fundi viatu."

Mmoja wao akacheka kwa dharau. Fundi hakuinua macho. "Kuna foleni."

Wakili akasimama nyuma ya mchukuzi na muuza magazeti, juani. Mkuu akatazama saa yake, akaenda zake na wenzake. Wakili hakuondoka.

Zamu yake ikafika.

"Umeleta kiatu?"

"Nimeleta maneno. Jana nilimwambia mama, akanuna. Leo nimewaambia wale. Amebaki mmoja."

Akachuchumaa vumbini mbele ya mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Nimekuja kuposa."

"Unamposa nani?"

"Fundi viatu, baba!" Alipaza sauti hadi watu wa ngazi za juu wakageuka.

Mzee akaweka uzi chini, akatabasamu. "Muulize mwenyewe. Hapa kazini yeye ndiye bosi wangu."

Fundi akafuta gundi vidoleni polepole, machozi yakimlengalenga.

"Jumapili," alisema, "mlete mama yako kwetu. Nitampikia kwa mikono hii hii."